Kibwana Mchoma Vidole

Shemeji yangu Kibwana alikuwa na mikono isiyotetemeka, na hiyo ndiyo iliyompa kazi. Watu wa Msambweni wana maneno yao: ati alijua Kiingereza, ati alijipendekeza kwa Wazungu. Maneno matupu. Kiingereza chake kilitosha kuomba maji ya kunywa, basi. Mwaka uliofuata uhuru walikuja watu wa utafiti wa damu, wakataka mwenyeji anayesema Kidigo, awezaye kubeba sanduku la vioo kutoka Vanga hadi Diani bila kuvunja hata kimoja, na kumchoma mtoto kidole kabla mtoto hajapata nafasi ya kulia. Walijaribiwa vijana wengi. Kibwana, ambaye wakati huo alikuwa akikata miwa mashambani, alikichoma kidole cha daktari mwenyewe, na daktari akauliza ataanza lini.

Nimemwita shemeji, lakini alikuwa binamu yangu vilevile. Baba yake na mama yangu walizaliwa tumbo moja. Kwetu msichana akifikia kuolewa, binamu ndiye huulizwa kwanza, na akikataa ndipo watu wa nje hupiga hodi. Kibwana hakukataa. Dada yangu Esha akaolewa kutoka kwetu Majoreni akaenda Msambweni. Na kwa kuwa mimi ni shemeji na utani ni haki yangu, niseme wazi kwamba mwanamume yule alimpenda mkewe kupita kiasi. Alimchotea maji. Wanaume walipomcheka njiani na ndoo yake, aliwaamkia kwa heshima akapita. Alikuwa mtu wa polepole, mlaji, mpenda mazungumzo, na hakuweza kupita penye shimo bila kuinama kuchungulia kilichomo.

Mkubwa wake kazini alikuwa Mramba, mtu wa Taru, fundi wa maabara, Mkristo wa kuimba kwaya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mramba ndiye aliyemwonyesha kwamba tone la damu likiwekwa chini ya hadubini huonekana limejaa chembe za mviringo, nyingi kupita kuhesabika. Ndiye pia aliyemtia mambo mengine kichwani. Siku moja walipopita Diani alimpeleka kwenye majabali ya matumbawe yaliyo juu kabisa, mahali ambapo maji hayafiki hata bahari ichafuke vipi, akamwonyesha ndani ya mwamba makombe na matawi ya marijani yaliyogeuka jiwe. Akamwambia kwamba dunia ni ya kale kuliko tunavyodhani, na kwamba viumbe hubadilika, si mmoja mmoja, bali kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa huyu hufa bila mtoto na yule huacha watoto wengi wanaofanana naye. Mifupa iliyogandamana na mawe huonyesha hayo. Hata mbega wa Diani, ukiufunua mkono wake, utakuta mifupa imepangwa kama ya mkono wako, ila gumba lake limebaki kinundu tu.

"Kwa hiyo sisi ni watoto wa mbega?" Kibwana akamwuliza.

"Si watoto. Ni binamu, tena wa mbali mno."

"Mramba, ndugu yangu, usiyaseme hayo Msambweni. Ukishasema binamu, mbega wataleta posa."

Mramba alicheka mpaka akaketi chini. Kibwana alipokuja kutusimulia, mama yangu, Bi Shutu, aliapa kwamba hali tena sahani moja na mtu anayetafuta ukoo miembeni. Lakini Kibwana hakuona kwamba imani yake imeguswa. Alikuwa hakosi sala. Mramba alimwambia kwamba yeye hajaona mahali Mungu alipokatazwa kufanya kazi polepole, na kauli hiyo Kibwana aliipenda sana, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mtu wa haraka.

Tatizo lao lilikuwa mumiani. Asiyeijua pwani atacheka. Wazee wetu waliamini, na wengine wanaamini mpaka leo, kwamba wako watu wanaowinda damu ya binadamu ili ikapikwe dawa, na kwamba mumiani huyo hana pembe wala mkia, ni mtu wa kawaida mwenye mfuko mkononi. Sasa umtume Kibwana aingie kijijini na sanduku na sindano, aseme, "Jamani, naomba tone moja tu la damu." Walikimbia mpaka vikongwe. Hata Msambweni, alikozaliwa, milango ilifungwa akiwa bado hajafika kwenye kona.

Ndipo akapata wazo. Siku ya soko alimchukua Esha na mtoto wao Iddi, ambaye alikuwa amepita mwaka mmoja na ndiyo kwanza anajifunza kusimama, akaketi nao uwanjani mbele ya watu wote. Akajichoma kidole mwenyewe, akamchoma Esha, akamchoma Iddi. Mtoto alikitazama kidole chake, akakitia kinywani, akaendelea kucheka. Damu yao ilipakwa kwenye vioo ili watu waone, kisha vioo vikafutwa, kwa kuwa yalikuwa maonyesho tu.

"Mmeona?" Kibwana akasema. "Ningekuwa mumiani, ningeanza na mwanangu?"

Watu wakalainika. Walipanga foleni mpaka adhuhuri, wakinyoosha vidole huku wakitaniana, na Kibwana akarudi nyumbani akiimba.

Hata mwezi haukuisha, Iddi akavimba mkono. Mkono uleule uliochomwa. Vidole vilijaa vikawa vya moto, na akiguswa tu, analia. Kisha ukavimba wa pili, kisha miguu. Uvimbe ulipotulia, mtoto akaanza kupauka. Viganja vyake, nyayo zake, ndani ya midomo yake, kote kukawa kweupe, na macho yakaingia manjano. Wanawake waliokuja kumjulia hali walimgeuza viganja, wakatazamana. Damu ya mtoto imekwenda wapi? Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Kibwana alimbeba akampeleka hospitali, wakampokea, wakahangaika naye kwa kila walichokuwa nacho, na Ijumaa kabla ya sala Iddi akafariki mapajani mwa mama yake.

Nilimpenda sana mtoto yule. Alikuwa na kicheko cha kukoroma kidogo, na ukimbeba alikushika sikio mpaka umshushe. Nimezika watu wengi tangu hapo, wengine wakubwa na wenye heshima zao, na sijamlilia mmoja wao kama nilivyomlilia Iddi.

Esha hakulia. Alikaa matanga kimya, na watu walipoanza kutawanyika alimwuliza mumewe swali moja tu. "Kibwana, ulimchoma kwa nini?"  Kesho yake dada yangu alifunga nguo zake ndani ya kanga, akaja kwetu Majoreni. Hakudai talaka, hakugombana na mtu. Alikuja tu, akaanza kuwalisha kuku wa mama kama msichana ambaye hajaolewa.

Mama alimpokea kwa mikono miwili, maana msiba ule aliufahamu. Kabla yetu sisi, mama alizaa wavulana wawili na kuwazika wote wawili wakiwa wadogo. Baba yetu alikuwa na mke mwingine, Bi Dama, na mama aliamini kwamba Bi Dama ndiye aliyewala watoto wake kwa uchawi. Alilisema jambo hilo mbele ya watu, likasadikiwa. Bi Dama akaachwa, akawa anaishi peke yake katika kibanda mwisho wa minazi, na sisi tulikua tukikatazwa kumwamkia. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya Iddi. Kutoka nyumbani kwetu hakwenda mtu mazikoni.

"Aliyenilia wangu alikuwa chumba cha pili," mama alimwambia Esha siku aliyowasili. "Wako wewe ulikuwa unalala naye."

Nilimwambia mama aache maneno hayo. Aliniambia nisubiri nizae kwanza. Mimi wakati ule nilikuwa nimetoka darasa la nane, nafundisha watoto wadogo kusoma, na nilidhani nina akili, lakini nisiseme uongo: hata mimi nilikuwa na shaka. Nilikuwa nimeviona viganja vya Iddi.

Huko Msambweni Kibwana hakujitetea, kwa kuwa naye alikuwa na shaka yake. Alifikiri labda sindano ilikuwa chafu. Labda kweli amemwua mwanawe kwa ajili ya kuwafurahisha watu sokoni. Alikwenda kwa Mramba, akamwambia neno kwa neno mtoto alivyougua. Mramba akavua miwani, kisha akamchoma yeye Kibwana kidole, akaidondoshea damu ile dawa yao, akaifunika kioo, wakangoja. Kibwana alipoinama kutazama, chembe zake zilizozoea kuwa mviringo zilikuwa zimejikunja, nyingi zimekuwa nyembamba zenye ncha mbili, hilali tupu.

Siku hizi watu wanaiita selimundu na kila kituo cha afya wanaijua. Mramba alimweleza hivi. Mtu akiipata damu hiyo kwa mzazi mmoja, huishi salama, huenda akazeeka bila kujua kwamba anayo. Lakini mtoto akiipata kwa baba na akaipata kwa mama, chembe hujikunja mwilini mwake akiwa hai, huziba njia, vidole huvimba, na damu yenyewe huvunjika ikamwishia. Iddi alizaliwa nayo. Sindano haikumfanya kitu.

Kibwana alilia kwa kupata nafuu. Kisha akalia tena, maana aliyaelewa yale maneno mengine: kwa baba na kwa mama. Ili Esha ajue kwamba mumewe hakumwua mtoto, ilimpasa aambiwe kwamba nusu ya ugonjwa ule imetoka mwilini mwake yeye. Kibwana mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alikaa siku nyingi akiona ni heri abaki mumiani.

Lakini alikuwa amemwuliza Mramba swali jingine. Kama damu hii inaua watoto, mbona haijakwisha duniani? Wanaoipata mara mbili wanakufa bila kuzaa, basi kila kizazi ingepungua, mpaka ipotee. Mramba akamjibu, na kwa ajili ya jibu hilo Kibwana akaomba aazimwe hadubini. Mramba alimpa, akamwambia tu kwamba ikivunjika, wote wawili watakwenda kukata miwa.

Alifika Majoreni Jumamosi asubuhi, sanduku kichwani, kanzu imeloa jasho mgongoni. Alikuwa amekonda, mlaji yule. Mama alikuwa ameketi barazani akipepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," mama akauambia ungo. "Umekuja kuchukua damu ya nani leo?"

"Yangu, shangazi."

Esha alikuwa uani na kuku. Aliisikia sauti ile, akasimama palepale nyuma ya ukuta wa makuti, kikapu cha mtama mkononi. Mimi nilimwona kutoka mlangoni. Hakuja, lakini hakuondoka.

Kibwana alitandika kitambaa pembeni mwa baraza, akaisimamisha hadubini, akakigeuza kioo chake kidogo mpaka kikashika jua. Akajichoma. Akaweka dawa, akafunika, akasema kwamba inataka kungojewa. Mama akasema kwamba yeye hajamkaribisha mtu kungoja. Kibwana akaitikia, "Naam, shangazi," akaendelea kungoja. Halafu akaanza kuzungumza, na aliinua sauti kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyeketi karibu naye.

"Shangazi, kuku wako weupe wako wapi?"

Mama hakulitarajia swali hilo, na kuku walikuwa udhaifu wake. "Weupe huku hawakai. Si unajua? Mwewe huwaona kutoka mbali."

"Wanaobaki ni wepi?"

"Wa madoadoa. Na hawa wa rangi ya majani makavu."

"Na hao wakitotoa?"

"Hutotoa wa rangi zao, wengi wao. Kibwana, umetoka Msambweni kuja kunisomesha kuku?"

"Nani aliyewaamuru kuku wa Majoreni wawe na madoadoa?"

"Hakuna aliyewaamuru! Mwewe kawala wengine, hawa wakabaki, wakazaa."

"Basi, shangazi, mbu ndiye mwewe wetu."

Mama akaacha kupepeta. Kibwana akayasema yale aliyoambiwa na Mramba, lakini kwa namna yake, polepole, akirudia. Tangu zamani sana, kabla hata ya kuwako mji unaoitwa Msambweni, homa ilikuwa ikiingia nyumba baada ya nyumba katika nchi hii ikichukua watoto. Lakini walikuwako watoto ambao homa iliwashika ikawaachia. Hao walikuwa na damu ya hilali kwa mzazi mmoja. Homa haistawi vizuri ndani ya damu hiyo. Wakakua, wakaoa na kuolewa, wakazaa, na watoto wao wengine wakairithi. Yule wa damu ya kawaida alikufa kwa homa. Yule wa damu ya hilali pande mbili alikufa kwa damu yake. Aliyebaki kuzaa kwa wingi ni wa katikati, na ndiyo sababu damu ile haikwishi. Mramba alipima watu wa milimani kwenye baridi, kusikokaa mbu, akaikosa karibu kabisa. Lakini kwingine duniani kwenye homa kama yetu, Uhindini, hata Ugiriki kwa Wazungu, nako imo.

"Si laana," Kibwana akasema. "Laana ingekuwa kwetu peke yetu. Hii iko kila mahali ambapo homa imepita miaka na miaka ikichagua."

Hapo mimi nikashindwa kujizuia. Niliinama nikatia jicho kwenye hadubini bila kuomba ruhusa. Nikaziona. Nilikuwa nimetarajia nisione kitu, nimcheke. Nikaziona zimelala kwenye mwanga, nyembamba, zimepinda, na nikapiga ukelele, "Yallah, Esha, njoo uone!"

Alikuja. Alipita karibu na mumewe bila kumtazama, akainama, akatazama damu yake muda mrefu. Kisha akaketi mkekani mbele yake, akaweka mkono gotini, kiganja juu.

"Na yangu," akasema.

"Esha!" Mama alisimama, mchele ukamwagika. "Huyo ndiye aliyekuchomea mwanao!"

"Nimesikia, mama. Nataka kuona."

Kibwana akachukua sindano. Na hapo niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona: mikono ile ilikuwa ikitetemeka. Alijaribu mara ya kwanza akaishusha sindano. Akajaribu tena. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye kanzu, na hakuweza. Nikaichukua mimi, nikakichoma kidole cha dada yangu, na Kibwana akanielekeza mengine kwa maneno.

Tukangoja. Sijapata kungoja hivyo maishani mwangu. Mama aliokota mchele punje kwa punje, akaurudisha kwenye ungo, akaanza kuupepeta upya ilhali ulikuwa safi zamani.  Kuku walizunguka miguu yetu wakitafuta mtama ambao Esha alikuwa amesahau kuumwaga.

Wakati ulipofika Kibwana hakutazama kwanza. Alimpisha Esha. Dada yangu akainama, akatulia, na nikaona mabega yake yakishuka.

"Ni mimi pia," akasema.

Nadhani Kibwana alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima kutoka Msambweni. Lakini alipoyasema, yalimtoka vipande vipande.

"Esha, nisikilize. Hatukumpa Iddi kitu kibaya. Mimi nilipokuwa mdogo homa ilinishika, wenzangu wakafa, mimi nikapona. Nilimpa kile kilichoniponya. Na wewe ulimpa kile kilichokuponya wewe. Kila mmoja wetu alimpa kilicho bora alichokuwa nacho. Hatukujua. Vilipokutana ndani yake, vikamzidi nguvu."

Esha akalia. Alilia kilio alichokiacha matangani, kwa sauti, kichwa kimeangukia magotini, na Kibwana akabaki ameketi palepale akiogopa kumgusa. Alipopata pumzi akauliza, bila kuinua uso, "Na wengine wakija?"

"Kila atakayekuja, ni kama kupiga kura: nafasi moja katika nne ya kuugua. Huenda tusipate mwingine kama Iddi. Huenda tukapata wawili. Mramba hakunificha, nami sikufichi. Siwezi kukuahidi kitu."

"Hata kidogo?"

"Nitakuwapo. Hilo tu."

 Nilimtazama Esha nikaona amekwama katikati; hasira ilikuwa imemtoka, lakini hofu ilikuwa imekaa mahali pake, na hofu nayo ingetosha kumweka Majoreni maisha yake yote. Kibwana naye aliona. Akaanza kuifungua hadubini kuirudisha sandukuni, kipande kimoja kimoja, kama mtu aliyekwisha kujibiwa.

"Vidole vilivimba vyote?" mama akauliza ghafla.

Tulikuwa tumemsahau. "Ndiyo, shangazi," Kibwana akasema.

"Na miguu, juu ya nyayo, hapa?"

"Hapo hapo."

"Kisha viganja vikawa vyeupe." Hilo hakuuliza. Aliuweka ungo chini. "Wangu walikuwa hivyo. Wote wawili. Wa pili alianza kuvimba kabla hajaota meno yote."

 Kibwana akamtazama shangazi yake, na nadhani alielewa kabla yangu, maana aliongea kwa upole kama anavyoongeleshwa mgonjwa. "Yaelekea damu hii mimi na Esha tumeipata kwako na kwa baba yangu, nanyi mmeipata kwa mmoja wa wazazi wenu. Na marehemu mumeo naye atakuwa alikuwa nayo."

"Na Dama?"

"Bi Dama hakuwa na mkono hapo, shangazi."

Mama akavuta kanga akajifunika uso. Sikuwahi kumwona mama yangu akilia, na hata hapo sikumwona. Niliona kanga tu, ikienda na pumzi yake. Alipoitoa alikuwa mzee kuliko alivyokuwa asubuhi.

"Nilimwita mchawi mbele ya watu," akasema. "Nilimfukuza kisimani. Alikuwa akipita hapa, kila siku akipita ananiamkia, 'Hujambo, Shutu,' na mimi nageuza uso. Alikuwa akinipenda yule. Nilipozaa yule wa kwanza, yeye ndiye aliyenikanda."

"Mama, hukujua," nikamwambia.

"Nyamaza wewe." Hakusema kwa ukali. Alimgeukia Esha, akamshika kidevu, akamwinua uso kama anavyoinuliwa mtoto anayekataa dawa. "Ningemwendea Dama leo kwa magoti. Nimwendee wapi? Nilikataa hata kumzika. Sina wa kumwomba radhi, Esha. Wako wewe yu hai. Huyo hapo, ameketi. Unaogopa nini kingine?"

Dada yangu akakitoa kidevu chake mkononi mwa mama. Kisha akasimama, akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akaingia jikoni. Kibwana alikuwa amekwisha kulifunga sanduku. Alikuwa ameinuka nusu, hajui kama aage au asiage, Esha alipotoka na sahani ya wali uliolala na kipande cha samaki, na birika la maji ya kunawa. Akaiweka sahani mbele ya mumewe.

"Kula kwanza, Kibwana," akasema. "Tuna safari."